Waandishi wanawapenda wanawake majasusi mpaka wanawaharibu

Kuna aina ya riwaya imejaa sana miaka hii, hata kwa wale wauza vitabu vya mitumba pale Posta huwezi kupita bila kuikuta: kwenye kava mwanamke kageuka mgongo, koti refu, kofia, mbele yake mji unafuka moshi au ndege za vita zinapita, na chini wameandika kwamba stori imetokana na maisha ya mwanamke wa kweli aliyekuwa jasusi wakati wa vita. Mimi hizi riwaya nazisoma sana na nazipenda, maana bila hizo wengi wetu hata majina ya hao wanawake tusingeyajua, shuleni Vita Kuu ya Pili tulifundishwa ni Hitler, Churchill, Stalin, tarehe kadhaa na ramani basi. Ila kadiri ninavyozidi kuzisoma kuna kitu kinazidi kunisumbua na leo nataka nikiseme chote. Waandishi wengi wanampenda huyo mwanamke kupita kiasi mpaka wanamtoa utu. Makosa yake wanayafuta, ile kazi yake ya kuchosha ya kila siku wanairuka, alafu wanampachika mpenzi ambaye hakuwahi kuwepo duniani, na mwisho unabaki na mtu msafi, mrembo, hodari saa zote, ambaye huelewi hata alikuwa anaogopa nini.

Na mtu akishaondolewa hofu na makosa, huo ujasiri unakuwa wa nini tena?

Noor Inayat Khan ndo mfano ninaourudia kila nikibishana na watu kuhusu hili. Kazaliwa Moscow tarehe 1 Januari 1914, baba yake Hazrat Inayat Khan alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka India, mama yake Mmarekani, na upande wa baba ni uzao wa Tipu Sultan wa Mysore, yule aliyepigana na Waingereza mpaka wakamuua vitani 1799. Noor kakulia Suresnes, nje kidogo ya Paris, anapiga kinubi, anaandika hadithi za watoto, nyumba ya sala na muziki, nyumba ambayo kumwaga damu lilikuwa jambo la kuchukiza. Ufaransa ilipoangushwa 1940 familia ikakimbilia Uingereza, yeye akajiunga na jeshi la wanawake upande wa anga akajifunza redio, na kwa sababu alikuwa anaongea Kifaransa kama mzaliwa wa kule, SOE wakamchukua. SOE ndo ile idara ya siri ya Uingereza iliyoundwa 1940 kwa ajili ya hujuma kwenye nchi zilizokaliwa na Wajerumani, na kitengo chake cha Ufaransa peke yake kilipeleka wanawake 39.

Baadhi ya waliomfundisha walimtilia shaka, waliandika kabisa kwenye ripoti kwamba hafai kwa kazi ya kule, ana hisia za karibu, akili yake sio ya kazi hii. Akapelekwa hivo hivo, Juni 1943, mafunzo hayajaisha vizuri, kwa sababu maopereta wa redio walikuwa hawatoshi. Akawa mwanamke wa kwanza opereta wa redio kupelekwa Ufaransa iliyokaliwa. Siku chache tu baada ya kufika, mtandao wa majasusi ulioitwa Prosper aliokwenda kuufanyia kazi ukavunjwa, watu wakakamatwa mmoja baada ya mwingine, London wakamwambia rudi, akakataa, maana akiondoka Paris inabaki karibu haina redio ya kuongea na London.

Sasa fikiria hiyo kazi yenyewe ilivyokuwa, maana hapa ndo riwaya nyingi zinakimbia. Redio iko kwenye sanduku la kama kilo 15, wewe ni mwanamke mwembamba, unalibeba kwenye treni na kwenye baiskeli, kukiwa na ukaguzi utasema nini. Antena yake ni waya wa karibu mita 20, lazima uutandaze mahali, dirishani au kwenye mti, jirani asione. Ukianza kurusha, magari ya Wajerumani yenye mitambo ya kunusa mawimbi yanaanza kuzunguka mtaa, kwahiyo una dakika chache tu, alafu unakunja kila kitu unahama. Kesho tena. Keshokutwa tena. Ndani ya zile dakika unatakiwa uwe umeshageuza ujumbe kuwa misimbo, herufi kwa herufi, ukikosea herufi kadhaa London wanapokea takataka. Opereta wa redio walikuwa wanahesabiwa muda wa kama wiki sita kabla ya kukamatwa, Noor alidumu karibu miezi minne. Hamna bastola hapo, hamna busu kwenye daraja wala ofisa wa Kijerumani mwenye macho ya bluu anayempenda kwa siri. Kuna uchovu, njaa, kubadilisha rangi ya nywele, na kubisha hodi kwa watu uliowahi kusoma nao ukiomba utumie chumba chao kwa dakika kumi.

Mwandishi anayeweza kunifanya nisikie uzito wa lile sanduku ndani ya treni, mimi simdai mapenzi.

Alafu kuna daftari, na hapa ndo nawapima waandishi wote. Noor alikuwa na daftari ambalo ameandika ujumbe wote aliotuma na kupokea, kwa misimbo na kwa maneno ya kawaida. Jasusi hatakiwi kabisa kuwa na kitu kama hicho. Inaelezwa kwamba alielewa vibaya maagizo kuhusu kuhifadhi ujumbe, alidhani ndo anatakiwa autunze. Oktoba 1943 kuna mtu alimuuza, akakamatwa kwenye chumba alichokuwa anakaa, akapelekwa namba 84 Avenue Foch, ofisi za idara ya usalama ya Wajerumani pale Paris, na daftari likakutwa. Yeye mwenyewe hakuwapa Wajerumani walichotaka, mkubwa wao pale Paris, Hans Kieffer, alikuja kukiri hilo baada ya vita. Alijaribu kutoroka mara mbili, akakataa kusaini ahadi kwamba hatojaribu tena, na kwa kukataa huko akapelekwa gereza la Pforzheim, Ujerumani, akafungwa minyororo mikono na miguu. Mdomo wake haukumwangusha, lakini daftari lilikuwa limeshasema. Wajerumani walitumia ile misimbo na redio yake wakawa wanaongea na London wakijifanya ni Noor, na London ilipata dalili kwamba mambo hayako sawa, ikazipuuza.

Mwishoni mwa Februari 1944 akashushwa kwa parachuti Madeleine Damerment pamoja na wenzake wawili, wakatua mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, waliokuwa wanawasubiri uwanjani, kwa sababu mapokezi yalipangwa kupitia redio ya Noor. Na tarehe 13 Septemba 1944, kule kambi ya mateso ya Dachau, wanawake wanne walipigwa risasi pamoja: Yolande Beekman, Eliane Plewman, Madeleine Damerment na Noor. Yule aliyeingia mtegoni kupitia redio na mwenye redio, asubuhi moja, sehemu moja.

Ukiwa mwandishi wa riwaya na umeshika kitu kama hicho mkononi alafu ukakiacha kwa sababu unaogopa kitamchafua shujaa wako, mimi naona umeacha stori yenyewe. Zipo riwaya zinazofanya hivo. Daftari linatajwa kwa sentensi moja au halipo, Damerment anakuwa jina tu kwenye kurasa za mwisho. Na tatizo lake haliishii kwenye sanaa, maana ukimsafisha Noor unawasafisha na mabosi wake. Nani alimpeleka hajamaliza mafunzo? Nani hakumweleza vizuri kuhusu ule ujumbe? Nani alikaa London anapokea ujumbe wa ajabu ajabu na bado akaendelea kurusha watu gizani? Hayo maswali yote yako ndani ya daftari. Ukilitoa, hao wakubwa wanatoka kwenye kitabu na suti zao zimenyooka, na kinachobaki ni binti jasiri aliyeuawa na Wajerumani waovu, mwisho. Nishani ya George Cross aliyopewa 1949 baada ya kufa ilikuwa haki yake, simnyang'anyi, ila nishani nayo inaweza kutumika kufunika mdomo wa maswali.

Hii ndo hoja yangu nzima na nitaizunguka mpaka mwisho: kumsafisha mwanamke shujaa kuna faida kwa mtu, na huyo mtu mara nyingi ni yule aliyemtuma au aliyemtesa.

Virginia Hall naye hivo hivo. Mmarekani wa Baltimore, kapoteza mguu kwenye ajali ya bunduki akiwa mawindoni Uturuki 1933, akawekewa mguu wa mbao, serikali yake ikamnyima kazi ya ubalozi aliyokuwa anaitaka wakisema ulemavu. Akaenda kufanya kazi na Waingereza, akakaa Lyon kuanzia 1941 akijifanya mwandishi wa gazeti, akajenga mtandao, akaficha watu, akatorosha wafungwa, na Novemba 1942 Wajerumani walipoingia kusini akavuka milima ya Pyrenees kwa miguu, ule wa nyama na ule wa mbao, kwenye theluji. 1944 akarudi tena Ufaransa safari hii na Wamarekani wenzake. Stori ya milima kila mwandishi anaipenda na mimi naipenda. Lakini kuna padri, Robert Alesch, aliyekuja kwao akijifanya mpinzani wa Wajerumani kumbe anawafanyia kazi. Virginia aliingiwa na mashaka, ila alimpokea na kumpa nafasi, na baadaye watu wake wa Lyon walikamatwa, daktari aliyemsaidia na mwanamke aliyewafichia watu wakapelekwa kambi za mateso. Yeye alikuwa ameshavuka. Hebu jiulize mtu anaishije na hilo. Baada ya vita Rais Truman alitaka kumpa nishani hadharani akakataa, akasema anataka kuendelea na kazi, na maisha yake yote hakupenda kuongelea habari za vita. Mwandishi mwenye jicho angekaa hapo kwenye huo ukimya kurasa mia.

Kuhusu mapenzi sitasema mengi. Mtindo wa jasusi mwanamke kuwa ni kitanda na manukato ulianzia kwa Mata Hari, Mholanzi aliyekuwa mnenguaji Paris, Wafaransa wakampiga risasi tarehe 15 Oktoba 1917, na siri za maana alizowahi kumpa mtu yeyote mpaka leo watafiti hawajaziona. Vita hiyo hiyo, kule Lille, Louise de Bettignies alikuwa na mtandao wa watu kama themanini hadi mia wanaohesabu treni: ngapi zimepita, zimebeba askari au farasi au mizinga, zimeelekea wapi, na kutokana na hiyo hesabu Waingereza wanajua shambulio linalofuata litakuwa wapi. Alikamatwa Oktoba 1915, akahukumiwa kifo, ikabadilishwa kuwa kifungo, akafia Cologne Septemba 1918, wiki chache tu kabla vita haijaisha. Jina la Mata Hari analijua hadi mtu wa Mbagala ambaye hajawahi kufungua kitabu cha historia, la Louise nani analijua? Na wengine wana mapenzi ya kweli kabisa, Violette Szabo mume wake alikufa vitani El Alamein, Misri, Oktoba 1942 hajamwona mtoto wao, yeye akaenda Ufaransa akiwa mjane wa miaka 22, akauawa kambi ya Ravensbrück mwanzoni mwa 1945, na nishani yake ilipokelewa na binti yake wa miaka minne. Mtu wa namna hiyo unampachikia mpenzi mwingine wa kubuni ili iweje?

Najua kuna watakaosema riwaya ni riwaya, mwandishi ana ruhusa ya kubuni. Ni kweli, na Kiswahili kilishalijibu hilo swali zamani. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, ikatoka 1969, alieleza wazi kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha mawazo yake, anafanana na yule wa Majimaji ila sio yule, na pale historia ilipombana aliazima kwenye ubunifu. Yaani amekuwekea mezani mapema kabisa, wewe msomaji unaingia ukijua. Na Kinjeketile wake sio mtakatifu, ni mtu aliyenaswa na neno lake mwenyewe, anaona watu wanakwenda kufa kwa imani aliyoianzisha, na ndo maana tamthilia inaishi mpaka leo. Hicho ndo kipimo tunacho hapa hapa nyumbani.

Mimi ruhusa ya kubuni naiweka hivi: buni pale ambapo kumbukumbu zimenyamaza, usibuni juu ya kinachojulikana. Noor alikaa Pforzheim karibu miezi kumi, peke yake, kwenye minyororo. Kinachojulikana ni kidogo sana, mojawapo ni kwamba alikuwa anakwaruza ujumbe chini ya bakuli la chakula ili wafungwa wengine wausome, akijiita Nora Baker. Miezi kumi! Alikuwa anajiambia nini, alikuwa anaimba nini kichwani, alijua au hakujua kwamba redio yake inaita watu kufa? Mwanahistoria hawezi kuingia humo kwa sababu hana karatasi. Mwandishi wa riwaya anaweza, na ndo kazi yake. Sasa unakuta mtu anaziruka hizo nyakati kwa kurasa tatu alafu anatumia kurasa hamsini kubuni dansi ya usiku ambayo haikuwahi kuwepo.

Na kuna hatari nyingine, ya watu wengine waliomo. Mwanamke aliyeshtakiwa kwamba ndiye aliyemuuza Noor alifikishwa mahakamani Ufaransa baada ya vita na mwaka 1949 akaachiwa. Riwaya ikimtaja kwa jina lake na kumwonesha anahesabu fedha, imetoa hukumu ambayo mahakama haikutoa, na wajukuu wake wapo. Msomaji akifunga kitabu haanzi kutenganisha, anaamini tu. Kama unataka msaliti, mpe jina lingine na useme umempa jina lingine, kurasa mbili za mwisho zinatosha kabisa kueleza hiki ni cha kweli, hiki nimekibuni mimi. Kitabu kisichokuwa na hizo kurasa mbili mimi nakisoma kwa wasiwasi.

Sasa turudi mjini kwetu, maana sijaandika haya yote ili tukae tunawasema Wazungu. Dar es Salaam ulikuwa mji wa majasusi kweli kweli. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa Juni 1962, vyama vya ukombozi karibu vyote vya kusini vilikuwa na ofisi zao humu, na Wareno walikuwa na mikono yao humu pia, tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa Dar kwa bomu lililokuja kama kifurushi cha kitabu. Elvis Musiba aliuona huo mji akatupa Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya zake, na kizazi kizima kilijifunza kupenda kusoma kwa sababu yake, namheshimu sana. Ila riwaya zetu za kijasusi kwa ujumla zimebaki za mwanaume, mwanamke ni mrembo wa kumtega shujaa au wa kuokolewa na shujaa, wakati wale wa kweli walikuwa wanapita barabara hizi hizi.

Josina Machel kwa mfano. Alikuwa mwanafunzi Lourenço Marques, ndo Maputo ya leo, kwenye harakati za chini kwa chini, mwaka 1964 akatoroka na wenzake wakitaka kufika Tanzania, wakakamatwa Victoria Falls wakarudishwa wakafungwa, akatoka, akatoroka tena, mpaka akafika Dar. 1967 alikuwa mmoja wa wasichana 25 waliopelekwa kupata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, ndo mwanzo wa kikosi cha wanawake cha FRELIMO. Kazi za hao wasichana zilikuwa kuingia vijijini, kuongea na akina mama, kubeba silaha na chakula kwa miguu, kujua Wareno wako wapi na nani kijijini anawapelekea habari. Akafunga ndoa na Samora Machel, kamanda wa FRELIMO, Tunduru, Mei 1969, akajifungua mwaka huo huo, akaendelea na safari za mbele akiwa mgonjwa, na tarehe 7 Aprili 1971 akafariki hapa Dar, Muhimbili, umri miaka 25. Msumbiji hiyo tarehe ni Siku ya Wanawake mpaka leo. Amefia mjini kwetu na sisi riwaya ya Kiswahili yenye yeye ndani kama mtu, sio kama picha ukutani, bado tunaidai.

Lakini anayeitafuta riwaya ya jasusi kwa maana kamili ya hilo neno aende kwa Wambui Otieno wa Kenya. Msichana wa familia yenye nafasi, kala kiapo cha Mau Mau akiwa bado mdogo, akahamia Nairobi 1954 akawa anapeleleza. Silaha yake kubwa ilikuwa wafanyakazi wa ndani. Wale akina dada na akina mama wanaopika na kufua kwa Wazungu, wanaoonekana kama hawapo chumbani, bosi anaongea na wageni wake kuhusu operesheni ya wiki ijayo na mtu anayemwaga chai anasikiliza. Wambui alikuwa anawaunganisha hao, anakusanya habari, anabadilisha mavazi, anapitisha vitu vya wapiganaji. Hiyo ni kazi ile ile ya Louise na treni zake, kuhesabu na kukumbuka, ila ya huku kwetu, kwenye majiko tunayoyajua. Nikimfikiria mwandishi wa Kiswahili anaandika sura ya kwanza ndani ya jiko la namna hiyo, sufuria iko motoni na masikio yako sebuleni, natamani kitabu kiwe tayari leo.

Na hapo ndo itakuja ile shida niliyoisema ya kusafisha. Huku kwetu presha ya kusafisha ni kubwa kuliko ya Ulaya, maana shujaa wetu ni wa chama, wa taifa, wa ukoo, kila mmoja ana mkono kwenye kalamu ya mwandishi. Bibi Titi Mohamed tunamjua wote, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba aliyewaingiza wanawake wa Dar ndani ya TANU kupitia vikundi vya ngoma, mkoloni anaona wanawake wanacheza kumbe kadi zinauzwa na taarifa zinapita. Barabara ina jina lake. Mtu akimwandikia riwaya ataishia wapi? Ataishia 1961 bendera ikipanda, watu wakipiga vigelegele? Au atafika 1969 alipokamatwa, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, na 1972 alipoachiwa? Atakayeishia kwenye bendera atakuwa amemsafisha Bibi Titi, ila wengine wengi nao watakuwa wamesafishika humo humo bila kutajwa.

Songea wana Mkomanile, mwanamke pekee kati ya wale walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Vita ya Majimaji, wanasimulia kwamba yeye ndiye aliyempokea Omari Kinjala alipoleta dawa ya maji Ungoni. Kinachojulikana juu yake ni kidogo mno, kwahiyo nafasi ya kubuni ipo tele, pana kuliko ya wote niliowataja. Ila maji hayakuzuia risasi, na mwandishi wake lazima aishike hiyo, huyu mwanamke alipokea habari akaiamini, akaipitisha kwa watu wake, na watu wake wakafa kwa maelfu, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Alijua lini kwamba dawa haifanyi kazi? Alisema nini na wenzake kabla ya kitanzi? Ukiliruka hilo ili abaki malkia wa kwenye kalenda, umewaruka na waliochoma maghala.

Watu watasema namna hii tunawavunjia heshima mashujaa, mambo mengine yafichwe. Wambui Otieno mwenyewe hakuyaficha. Kitabu cha maisha yake kilitoka 1998 na humo ameandika kwamba akiwa kizuizini Lamu alibakwa na afisa wa Kiingereza, akamtaja. Ameandika na ugomvi wake na watu wa upande wake, ameandika na kesi ya mazishi ya mume wake ya 1987 iliyogawa Kenya nzima. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini, ana watoto, ana wajukuu, ana jina mjini, na bado akaona yaingie kwenye karatasi. Kwahiyo atakayekuja kumfanyia riwaya, iwe ni mtu wa Nairobi au wa hapa Sinza, akakaa akasema hii ya Lamu niipunguze isije ikawaudhi watu, ajue anayemfichia siri ni yule afisa.